Goli Lililofungwa Kwenye Ukungu

Oliva Sanga alifika kwangu juzi saa nne asubuhi, na kabla hajakaa alikuwa ameshaniudhi. Alisimama mlangoni akaitazama sufuria kubwa iliyokuwa juu ya kabati langu la vyombo, akasema nimeiacha ishike vumbi, na kwamba ingekuwa kwake Makambako ingekuwa inang'aa. Nikamwambia kuwa Makambako kila kitu kina vumbi kwa sababu ya upepo, hata watu. Akacheka kile kicheko chake cha tumboni, tukakumbatiana, vikongwe wawili ambao magoti yao yanaijua baridi ya Njombe kabla haijafika. Tulikuwa tumealikwa uwanjani kuikabidhi sufuria hiyo kwa mabingwa wa ligi ya mpira wa pete ya mkoa. Mabinti wa siku hizi wana viatu na basi la kukodi, na anayefunga anapigwa picha na simu kumi kabla mpira haujagusa chini. Siwaonei wivu. Au tuseme nawaonea kidogo. Ila tangu Oliva aweke kikapu chake sebuleni kwangu, kichwa changu kimehamia kwenye ule mwaka wa kwanza wa ligi, mwaka ambao mimi nilikaribia kuiua na yeye akaiokoa, ingawa yeye akiuhadithia huwa anageuza, anasema mimi ndiye niliyeiokoa. Nani kanizaa na nimezaliwa wapi nitayaacha, hayahusiki hapa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza ushonaji kwa Mwalimu Imelda. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, asiyejua kuongea polepole, anayefundisha shule asubuhi na kushona jioni. Wanaume walikuwa na ligi yao ya soka, na lori la kuwabeba, na jezi, na kisingizio cha kuchelewa kurudi nyumbani kila Jumapili. Sisi tulikuwa na mpira mmoja uliochoka na nguzo mbili za mkaratusi zilizofungwa pete za chuma, bila nyavu. Siku moja Mwalimu Imelda alichana karatasi tatu katikati ya daftari, akaandika barua tatu, moja ya Uwemba, moja ya Igwachanya, moja ya Makambako, akawapa madereva wa malori. Aliandika kwamba Njombe tuna timu inayoitwa Umande, na tunataka wa kucheza nao, nyumbani na ugenini, mpaka apatikane bingwa. Uwemba walijibu kwa kurasa mbili zilizojaa salamu. Igwachanya waliuliza maswali mengi. Jibu la Makambako lilikuwa na maneno mawili tu, yamesainiwa na nahodha wao, mtu aitwaye Oliva Sanga: "Tutakuja. Mtupikie."

Kutokana na barua hiyo ndipo zilipotoka kanuni za ligi, ambazo Mwalimu Imelda aliziandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita na kuzitundika kwenye chumba cha cherehani. Mwenyeji anapika. Mgeni analeta kinywaji. Watu wanakula baada ya mechi, aliyefunga na aliyefungwa sahani moja. Na kwa kuwa hatukuwa na kikombe wala pa kukipata, bingwa atakabidhiwa sufuria, ile ya Mwalimu Imelda ya kupikia kwenye maharusi, na siku hiyo hiyo atawapikia wote aliowashinda. Mzee Mligo, aliyekubali kuwa mwenyekiti wa ligi kwa sababu mke wake alimwambia akubali, aliisoma kalenda ile mara mbili akasema hajawahi kuona mashindano ambayo zawadi yake ni kazi.

Chumba kile cha cherehani nakikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyowahi kukaa. Cherehani mbili, benchi moja, na katikati jiko la maranda, lile la kushindilia vumbi la mbao kwenye debe. Likishika moto asubuhi linaunguza kwa upole mpaka jioni. Tulizika viazi mviringo kwenye majivu yake na kuvila na chumvi, vimechomeka ganda, huku tukikata shuka kuukuu ili tushonee herufi za kuvaa kifuani, za kuonyesha nafasi ya kila mchezaji. Mimi nilikuwa mfungaji. Kila nikivaa zile herufi zangu nilihisi urefu wangu unaongezeka, na jirani mmoja aliniuliza kama ni namba ya gari. Tukikaa pale tulisengenya, tuliimba, tulipanga pasi kwa kusogeza vifungo vya mashati juu ya meza. Nilikuwa nimewafunga Igwachanya magoli mengi nyumbani, na Uwemba tulitoka nao sare, na nilishaanza kutembea mjini kama mtu anayejulikana. Naikumbuka furaha ile na nasema wazi kwamba ilinilevya kabla ya kitu kingine chochote.

Kinywaji cha kwenda nacho ugenini kilikuwa juu yangu. Ilikuwa masika, msimu wa ulanzi, na nilikuwa na mianzi ya bibi yangu ya kugema. Ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu, mtoto anakunywa na mchungaji anakunywa. Ukikaa unachacha, unakuwa mkangafu, pombe kali, na mkangafu huwa hauna rafiki. Bibi alinifundisha jambo moja nikiwa mdogo, na alinifundisha kwa kofi: dumu lililokuwa na mkangafu halitiwi mtogwa mpaka lisuuzwe mara tatu kwa maji ya moto, kwa sababu machicha ya jana yanauamsha ulanzi wa leo. Asubuhi ya kwenda Makambako kulikuwa na manyunyu na ukungu, moto haujawashwa, na maji kwenye pipa yalikuwa ya kukata vidole. Dumu lilikuwa na mkangafu wa juzi yake. Nililitia kikombe kimoja cha maji ya baridi, nikalitikisa, nikamwaga, nikajiambia yatosha. Huo ndio uvivu wote niliofanya. Ulichukua muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu, ambavyo hata hivyo sikuwa navyo.

Tulipanda lori la mbao, tukaliweka dumu nyuma ya kabini chini ya turubai. Njiani lori likaharibika, tukakaa barabarani kwa saa tatu, jua likatoka, turubai likawa tanuri. Tulipofika Makambako mechi ilikuwa imechelewa na ikabidi tuingie uwanjani moja kwa moja, koo kavu, upepo ukitupulizia mchanga kwenye meno. Siku hiyo mabomba yalikuwa hayatoi maji. Hapo ndipo nilipomwona Oliva kwa mara ya kwanza. Mpana, mweusi tii, amevaa herufi za mlinzi wa goli na amebeba ndoo ya uji wa ulezi kichwani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuuza uji pale stesheni. Alisema, "Kamwene, wageni. Maji hatuna, ila hamtacheza na kiu kwetu." Akatugawia kikombe kimoja kimoja mpaka ndoo ikaisha, na wenzake wakakosa.

Wakati wa mapumziko tulikuwa mbele kwa magoli mawili, lakini kiu ilikuwa imerudi. Mwalimu Imelda akasema, "Kanuni inasema baada ya mechi, ila mtogwa ni kama juisi. Bertha, wape kidogo." Nilipofungua dumu lilipumua kama mtu aliyeshikilia pumzi siku nzima. Nilionja. Nilijua pale pale, kwenye ncha ya ulimi, kabla sijameza. Utamu ulikuwa bado upo juu, na chini yake mkangafu umekaa unasubiri. Ningeweza kusema. Lakini ingebidi niseme kwamba sikusuuza dumu, mbele ya timu nzima, mbele ya Makambako, mimi mfungaji ninayejulikana. Nikasema, "Umechangamka kidogo, lakini ni mtogwa." Wakaniamini, wakanywa vikombe viwili viwili, na mimi nikanywa pamoja nao.

Robo ya tatu sitaisahau. Yustina, mchezaji wetu wa kati, binti wa kwaya, mpole kuliko wote, alipata mpira akaukumbatia, akamfuata refa kumuuliza mama watoto hajambo. Refa alipopuliza filimbi, Yustina alimpigia makofi. Mwingine alimpasia mtazamaji aliyekuwa anamenya muwa. Mimi nilirusha mpira kwa uhakika kabisa, ukaenda kuanguka kwenye nyanya za mama mmoja nyuma ya nguzo. Makambako walitufunga mpaka wakaona aibu wenyewe, wakaanza kutuuliza kama tunaumwa. Baada ya mechi walitupakulia ugali, maharage na kabichi, chakula kizuri, na Yustina alikila huku amelala begani kwa mwenzake. Mimi nilizunguka nyuma ya lori nikalimwaga lile dumu lote kwenye tairi. Upepo wa Makambako ulichukua harufu ukaenda nayo, na siku hiyo niliushukuru.

Siku ya pili Mama Yustina alikuja kwenye chumba cha cherehani. Alikuwa kiongozi wa kwaya, mwenye sauti inayosikika bila kupandishwa, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikipiga pasi ya mkaa. "Mwalimu," alisema, "mwanangu hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Jana kashushwa kwenye lori kama gunia la viazi. Wamewatilia kitu kwenye ule uji."

"Uji wa ulezi, mama?"

"Uji wa ulezi haumwimbishi mtu nyimbo za harusi njia nzima!"

Mwalimu Imelda akauliza kama inaweza kuwa ule ulanzi, kisha akajijibu mwenyewe: "Hapana. Bertha kaugema asubuhi ile ile, na Bertha ni mtu mwangalifu." Nilisikia pasi inaunguza kitambaa na sikuiinua. Ilikuwa kanzu ya mtu, na mpaka leo nakumbuka alama yake, iko pembetatu, imeiva kahawia.

Maneno ya Mama Yustina yalitoka pale yakaenda kwaya, yakatoka kwaya yakaenda sokoni, na sokoni madereva wakayapakia pamoja na viazi. Baada ya wiki mbili nilimsikia dereva mmoja pale stendi ya Njombe akiwaambia wenzake, "Makambako stesheni usinywe uji wa yule dada mpana. Utakunywa asubuhi, utaamkia Mbeya." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa kuwa ni kweli ilichekesha, halafu nikaenda nyuma ya vibanda nikatapika. Nilisikia pia kwamba benchi lake linakaa tupu, kwamba anarudi nyumbani na ndoo imejaa kama alivyotoka nayo. Nilimhurumia sana na sikufanya chochote. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, sina namna ya kuipamba.

Viongozi wa ligi wakaitisha kikao Njombe. Hoja ilikuwa moja: Makambako wafukuzwe, na Umande wapewe pointi za mechi ile. Kwa pointi hizo tungekuwa mabingwa bila hata kucheza mechi ya mwisho. Uwemba walisema wakifukuzwa wenzao nao hawataendelea, maana nani atakubali kula kwa mwenzake tena, na ligi ambayo watu hawali pamoja ni ligi gani. Igwachanya wakanung'unika vivyo hivyo. Kila mtu aliona kwamba ligi inafia pale kwenye mabenchi, na Mama Yustina alikuwa anaendelea kuongea. Ndipo mlango ulipofunguka akaingia Oliva, peke yake, ametoka Makambako na lori la alfajiri, amekumbatia chupa kubwa ya chai iliyofungwa kitenge. Hakusalimia. Aliiweka mezani kwa Mzee Mligo, akamimina uji kwenye kikombe cha bati, akanywa wote mbele yetu. Halafu akamimina tena.

"Huu ndio uji wangu," alisema. "Nimeupika kwa mikono ile ile. Nani atakunywa na mimi?"

Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye kile kikombe. Mzee Mligo alikohoa. Yustina alitazama kucha zake. Nilimwona Oliva akihesabu nyuso zetu moja moja, wale wale aliotunywesha tukiwa na kiu, na mdomo wake ukaanza kutetemeka kidogo pembeni, na akauuma ili utulie. Nadhani kama asingeuuma ule mdomo ningebaki nimekaa. Nilisimama, nikaenda mezani, nikachukua kikombe nikanywa mpaka chini, ulikuwa wa moto ukaniunguza, na nikasema kila kitu: dumu, mkangafu wa juzi, kikombe kimoja cha maji ya baridi, jinsi nilivyoonja nikajua, jinsi nilivyomwaga kwenye tairi.

"Bertha!" Mama Yustina alishika kichwa. "Na mimi nimeshasema mji mzima!"

Mwalimu Imelda alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu, na hilo liliniuma kuliko kofi la bibi. Mzee Mligo, ambaye siku zote tulidhani anasinzia vikaoni, alinyooka akatoa uamuzi papo hapo. Matokeo ya Makambako yanabaki. Makambako wanabaki. Bertha hachezi mpaka Makambako wenyewe waseme acheze. Nikamgeukia Oliva nikamwomba radhi, na machozi yangu yalikuwa ya kweli, lakini yeye alikuwa anafunga kitenge chake kwenye chupa.

"Radhi yako wameisikia watu wa Njombe," alisema. "Wateja wangu wako Makambako. Jumamosi njoo unywe kule."

Nilikwenda. Jumamosi ya kwanza nilikaa kwenye benchi lake pale stesheni tangu asubuhi, upepo unanipiga ubavuni, nikinywa uji kikombe baada ya kikombe kama mtu aliyetumwa. Oliva hakunisemesha. Alinipa vyombo nikaosha. Kila aliyepita akitutazama nilimwita nikamweleza, na wengi waliharakisha hatua, kwa kuwa mtu anayekuita stesheni na kuanza kukiri dhambi zake si wa kusimama naye. Jumamosi ya pili nilimwona yule dereva wa stendi, yule wa kuamkia Mbeya. Nikamzuia njia. "Kaka, ni mimi niliyelevya timu yangu mwenyewe," nikamwambia. "Sikusuuza dumu la mkangafu." Alinitazama, akatazama benchi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa, na alipokaa Oliva akamwekea kikombe mbele yake bila kumuuliza. Alikunywa viwili. Kichekesho kipya kilikuwa kitamu kuliko cha zamani, na madereva wakakibeba kwa kasi ile ile, wakikishusha kila mahali: habari ya mfungaji wa Njombe aliyejilewesha akakosa goli akapiga nyanya. Nilikuwa kichekesho cha barabara nzima. Sijawahi kufurahia aibu kama ile.

Jumamosi ya tatu nilifika nikakuta benchi limejaa. Watu walikuwa wanakunywa wamesimama. Nilipopata pembe ya kukaa, Oliva alinigusa bega na mwiko. "Inuka, Bertha, wateja wanasimama." Nikainuka. Akaendelea kukoroga, halafu akasema bila kunitazama, "Mwambie mzee wenu ucheze. Sitaki tuwafunge halafu mseme hamkuwa na mfungaji."

Mechi ya mwisho ilichezwa kwetu, mwezi wa sita, baridi ya kufanya nguo za kamba zisimame zenyewe. Makambako walikuwa juu yetu kwa pointi moja. Sare ingewatosha wao, sisi ilikuwa lazima tushinde. Uwemba na Igwachanya walikuja wote kutazama, na nyuma ya uwanja moto ulikuwa umeshawashwa chini ya sufuria, maji yanachemka yakimsubiri bingwa asiyejulikana. Robo mbili za kwanza Makambako walitusumbua sana, na Oliva alinikaba kana kwamba hatujawahi kukaa benchi moja. Kila niliporuka nilikuta mkono wake. Halafu robo ya tatu ukungu ulishuka, sio ule wa kupita, ule wa kukaa, ukafuta watazamaji kwanza, kisha nguzo ya mbali, kisha nguzo ya karibu. Makambako wanaujua upepo. Ukungu hawaujui. Mwalimu Imelda akapaza sauti kutoka mahali ambapo hatukumwona: "Semeni, wasichana! Semeni!" Hivyo ndivyo tulivyofanya mazoezi masika yote, kwa kuitana. Yustina aliita jina langu, nikaita lake, mpira ukaanza kusafiri kwa sauti, na goli moja moja tukawafikia mpaka tukawa sawa.

Zilikuwa zimebaki pumzi chache. Nilisikia "Bertha!" upande wa kushoto, mpira ukatokea kwenye weupe ukanipiga kifuani kwenye herufi zangu. Mbele yangu niliuona mkono wa Oliva, kiganja kimefunguka, na juu ya mkono hapakuwa na kitu. Pete niliijua kwa mazoea tu, kama unavyoijua swichi ya chumbani kwako. Nikarusha. Sikusikia chuma kulia. Nilisikia mpira ukianguka chini nyuma ya Oliva, pu, na filimbi ya mwisho ikalia palepale.

"Umeingia?" refa aliuliza. Alikuwa amesimama hatua chache tu, na hakuona. Hakuna aliyeona. Kule kwenye ukungu watu wa Njombe walikuwa wanapiga kelele kwamba umeingia na watu wa Makambako kwamba haujaingia, na wote walikuwa hawajui wanachosema. Refa akaja mpaka chini ya pete. Nilifungua mdomo, naye akaninyooshea kidole. "Wewe Bertha nyamaza." Neno langu lilikuwa na bei yake na mimi ndiye niliyeishusha. Akamgeukia Oliva, ambaye alikuwa amesimama chini kabisa ya pete, uso juu. "Mlinzi, wewe ulikuwa karibu. Umeingia?"

Wenzake walikuwa wanamwita kutoka kwenye weupe: "Oliva! Vipi, Oliva?" Angesema hapana, ilikuwa sare, na sufuria ilikuwa yao. Hakuna ambaye angejua, hata mimi. Alishusha macho akanitazama. Alikuwa anahema, na jasho lilikuwa linamtoka moshi kwenye baridi ile.

"Umeingia," Oliva alisema. "Umepita katikati. Haukugusa hata chuma."

Sijui kelele ile ilitoka wapi. Ukungu wote ulipiga yowe. Yustina alinirukia tukaanguka chini, Mwalimu Imelda alitokea akikimbia na miwani mkononi, akanibusu kichwani akasema, "Mtu mwangalifu wewe," na nikalia kwa sauti kama mtoto. Tulibebwa, tukashushwa, tukabebwa tena. Mzee Mligo alitangaza mabingwa wa kwanza wa ligi kuwa ni Umande wa Njombe, akatukabidhi sufuria, ambayo haikuweza kuinuliwa kwa kuwa ilikuwa motoni. Nikashika unga wa ulezi na mwiko, maana kanuni ni kanuni, bingwa anapika. Oliva aliniangalia nikimimina, akauchukua ule mwiko mkononi mwangu.

"Ukipika wewe," alisema, "watu watalewa."

Hata Mzee Mligo alicheka mpaka akashika mgongo. Kwa hiyo mabingwa tulimenya viazi na kukata nyama, na aliyefungwa ndiye aliyekoroga uji kwenye sufuria ya ushindi, na ulipoiva watu wakapanga mstari na vikombe, Uwemba, Igwachanya, Njombe, mstari ukapotelea kwenye ukungu. Mama Yustina alikuwa wa saba au wa nane. Alipofika mbele alipokea, akasogea pembeni hatua mbili, akanywa amesimama, wote tukimtazama na kujifanya hatumtazami. Alipomaliza alipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, akarudi mbele akaupita mstari wote, akanyoosha kikombe chake.

"Oliva mwanangu," alisema, kwa ile sauti yake inayosikika bila kupandishwa, "niongezee."

Oliva akamjazia mpaka ukamwagika kwenye vidole.

Mwalimu Imelda hayupo tena, na kalenda ile ililiwa na mchwa, ila kanuni zake zinafuatwa mpaka leo na watoto ambao hawajui nani aliziandika. Jana, mimi na Oliva, tulikabidhi sufuria. Alikuwa ameisugua asubuhi nzima kwa majivu, akinisema, na ilikuwa inang'aa mpaka nikaona aibu. Nahodha wa mabingwa, msichana mwembamba mwenye simu mfukoni, aliipokea akipiga magoti kidogo kwa heshima, halafu akaniuliza, "Bibi, wanasema nyie ndio mlikuwa mabingwa wa kwanza. Mlishinda kwa magoli mangapi?"

Nilifungua mdomo nijibu.

"Moja," Oliva alidakia. "Na aliyeliona ni mimi peke yangu."